Milimita 23 Nje ya Madigadi

Anayetaka kukunja madigadi hapa Mombasa, yaani kulaza ukingo wa ndani wa bati lililo juu ya gurudumu ili rimu pana zienee, aghalabu huja na picha kwenye simu. Ndani ya picha mna gari la Kijapani limekaa chini, rimu zimejaa mpaka ukingoni, na lami inang'aa utadhani haijakanyagwa na lori hata siku moja. Halafu hunionyesha gari lake mwenyewe: Corolla NZE, Fielder, pengine Impreza, gari ambalo asubuhi lapita Buxton na foleni yake, jioni larudi Bamburi na watu wanne ndani. La kwanza kuulizwa huwa ni rimu za kununua. Nami hujibu kwa swali: hicho chuma ukishakikunja, utakiziba na nini?

Kukunja kwenyewe si kazi ya ajabu. Ajabu ni kuifanya kazi hiyo katika mji ambao upepo wake una chumvi, kisha ukaja kukuta miaka mitatu baadaye rangi bado imeshika. Huko bara mkwaruzo mdogo kwenye madigadi unaweza kukaa mwaka mzima ukiutazama tu. Huku kwetu, kaskazi moja na masika moja, ushaanza kuvimba. Ndiyo maana mashauri mengi ya intaneti, yaliyoandikwa na watu ambao magari yao hulala gerejini, hayakufikishi mbali ukiwa Nyali au Kizingo ambako gari hulala nje likipigwa na pepo za bahari.

Lakini kabla ya chumvi kuna hesabu, na hesabu ndiyo wengi huiruka.

Rimu ina namba mbili za kuangalia. Ya kwanza ni upana, unaoandikwa kwa inchi na herufi J. Ya pili ni ofseti, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapogusana na habu, kile kitovu ambacho rimu hufungiwa kwa nati. Ofseti kubwa huiweka rimu ndani, ndogo huisukuma nje. Tuchukue Corolla NZE121 yenye rimu za inchi 15, upana 6J, ofseti 45. Nusu ya inchi 6 ni milimita 76.2, toa 45, wabaki na 31. Hapo ndipo ukingo wa nje wa rimu ulipo ukipima kutoka usawa wa habu. Sasa weka rimu ya 7J yenye ofseti 35: nusu ya upana ni 88.9, toa 35, wapata karibu 54. Umetoka nje kwa milimita 23. Kwa ndani rimu hiyohiyo imesogelea shokamzoba kwa milimita 3 tu, kwa hivyo upande huo una amani. Ukiruka hadi 7.5J ofseti 30, umetoka nje milimita 34, na hapo mazungumzo na fundi yanabadilika kabisa.

Kubadilika kwake ni huku. Madigadi yana ukingo wa ndani, bati lililogeuzwa kuelekea kwenye tairi kama pindo la kanzu, na kwa magari mengi ukingo huo una upana wa baina ya sentimita moja na mbili. Ukiukunja ukalala bapa, umepata nafasi hiyo na si zaidi. Kwa kuwa rimu za kiwandani zimekaa ndani sana, 7J ofseti 35 huingia humo vizuri ikiwa tairi ni la kiasi. Ile 7.5J hudai bati lenyewe livutwe nje. Zaidi ya hapo unazungumzia msumeno.

Tairi nalo lina yake. 195/60R15 (upana wa milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 15) lina kipenyo cha milimita 615. 195/50R15 lina 576. Ukibadilisha hilo peke yake, gari lishashuka karibu sentimita mbili hujagusa springi, na dashibodi inayosoma 100 ukweli wake ni kama 94. Wapo wanaofurahi hapo wakidhani injini imeongezeka nguvu. Halafu kuna tundu la katikati ya rimu. Habu ya Toyota za kundi hili ni milimita 54.1, na rimu nyingi za kununua pembeni zina tundu kubwa kuliko hilo ili zitoshee magari ya kila aina. Bila ringi ya kujaza nafasi hiyo, usukani utatetemeka ukifika mwendo wa barabara kuu, nawe utapeleka gari kwenye balansi mara tatu, ukilipa kila mara.

Kuhusu kushusha gari sitasema mengi, isipokuwa hili la kukata springi kwa grainda. Springi iliyokatwa ovyo haikai sawasawa kwenye kiti chake. Gari likiinuliwa na jeki yaweza kuchomoka, na barabarani hupiga hadi mwisho wa safari yake kila shimo. Ukikunja madigadi kwa ajili ya gari la namna hiyo unatibu dalili. Tafuta springi fupi za gari lako hasa, au koilova, yaani springi na shokamzoba za pamoja zinazorekebishwa urefu, za mitumba kwa wauza speya, ukague kama shokamzoba haivuji mafuta. Kwa NZE kumbuka pia kwamba nyuma hakuna mikono ya kuinamisha gurudumu. Kuna boriti moja inayounganisha pande mbili, na tairi hupanda karibu wima. Magari yenye mikono huru nyuma, gurudumu likipanda juu huinamia ndani na kuukwepa ukingo. La kwetu halikwepi. Ndiyo maana nyuma ndiko kunakosugua kwanza, hasa abiria wakijaa.

Fundi ninayempelekea gari yuko upande wa Kisauni, chini ya mwarobaini, katika uwanja ambao nusu yake imejaa tuktuk zilizovuliwa ngozi. Ni mtu mzima, namwita ami. Gari likifika haulizi rimu ziko wapi. Huchukua kipande cha sumaku kilichotolewa kwenye spika mbovu, akakifunga kitambaa, akakipitisha polepole juu ya ukingo wa kila gurudumu. Sumaku ikishika, chini ya rangi pana chuma. Ikiteleza, pana fila, ule uji unaokauka wa kujazia bati lililobonyea.

"Mwanangu, mbele hapana neno," akaniambia siku nilipompelekea gari langu. "Nyuma kulia hapa mtu alipiga, akapaka fila. Nikiukunja huu utapasuka. Nakwambia sasa usije ukanambia kesho."

"Na tukiufungua tukaanza upya, ami?"

"Hiyo ni kazi nyingine na pesa nyingine."

Napenda fundi wa namna hiyo. Wengi watakubali tu, wakunje, fila ifanye mipasuko midogomidogo kama ilivyo kawaida yake, kisha waseme rangi ya gari lako ilikuwa mbaya. Rangi ya kiwandani imeokwa, imeshikana na bati jembamba lisilofika hata milimita moja, na ikipata joto hulegea na kufuata bati linakokwenda. Fila ni kitu kigumu kilichobandikwa juu. Bati likijikunja, yenyewe haijikunji.

Tukakubaliana kulia nyuma kufunguliwe, kwingine kote kukunjwe.

Gurudumu lilitoka, gari likawekwa juu ya stendi na mawe mawili ya akiba, kisha kirola kikafungwa kwenye habu kwa nati zilezile za gurudumu. Ni mkono wa chuma wenye urefu wa kurekebishwa, na mwishoni una kigurudumu cha plastiki ngumu. Kinazunguka pale pale tairi linapozunguka, ndiyo siri yake: mviringo unaoufuata ni wa gari, si wa jicho la mtu. Ami akawasha bunduki ya joto akaanza kuitembeza kwenye ukingo, haisimami mahali, huku mkono wa pili ukiligusa bati kwa mgongo wa vidole. Kipimo chake ni kwamba kidole kisiweze kutulia pale lakini rangi isitoe harufu. Ikitoa harufu ushachelewa, rangi inakaribia kutoa mapovu.

Kisha akaanza kuvuta kirola. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila kuongeza nguvu. Ukingo ukalala kidogo sana, nisingeuona kama singekuwa nimeinama pale. Akaongeza skrubu robo duara, akarudisha joto, akavuta tena. Kuna wakati ulisikika mlio mwembamba, tik, akaacha kila kitu. Akasogeza uso karibu na bati. Palikuwa na ufa wa rangi mwembamba kuliko unywele, upande wa ndani, urefu wa ukucha. Hakusema neno, alichukua chaki akauzungushia alama, akapaongeza joto, akaendelea.

"Wataka ulale kabisa ama nusu?" akaniuliza ulipofika digrii arubaini na tano hivi.

Kwa mbele nilitaka nusu. Madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti, ni bati moja, na likiharibika utapata jingine la mitumba ukalipaka rangi. Hapo hata ukikosea si msiba. Nyuma ndiko kuna mambo. Nyuma si madigadi ya kufungua. Ni ubavu wa gari wenyewe, uliochomelewa na bodi nzima. Na ule ukingo wake una bati mbili: la nje, na la ndani ambalo ndilo tumbo la gurudumu, zimeshikwa pamoja kwa nukta za welidi na katikati pakajazwa silanti, ile gundi ya kuziba mishono. Ukizikunja pamoja, silanti ya kiwandani, ambayo imekauka miaka yote hii, hukatika. Macho hayaoni kitu. Maji huona. Yataingia baina ya bati mbili, yatakaa humo, na siku utakayoona rangi imefura kwa nje, ndani kushaliwa zamani.

Na huyo anayekata kwa grainda amefanya zaidi: ameondoa zile nukta za welidi. Gari lina mdomo wazi kutoka kwenye gurudumu hadi ndani ya ubavu, na vumbi na maji ya madimbwi ya Kongowea yana njia ya kuingia hadi kwenye buti. Kukata si haramu, lakini anayekata lazima achomelee bati mbili zile upya mzunguko wote, kidogo kidogo ili bati jembamba lisipinde kwa joto, kisha azibe. Ukimsikia fundi akikwambia atakata na kupaka silanti tu, chukua gari lako.

Siku za nyuma, na mpaka leo kwa asiye na kirola, kazi ya kukunja hufanywa kwa mchi wa kinu au kipande cha bomba. Mchi hupachikwa baina ya tairi na ukingo, mtu mmoja akaushika, wengine wakasukuma gari mbele na nyuma taratibu. Sitaucheka. Nimeona madigadi yaliyokunjwa hivyo yakatoka laini, kwa sababu aliyeshika mchi alikuwa na mkono. Nimeona pia yaliyotoka na mawimbi ambayo jua la jioni huyaonyesha wazi ukisimama nyuma ya gari. Na mwenye kinu alitaka mchi wake.

Kitu kingine kinachosahauliwa ni masikio ya bampa. Pale bampa linapokutana na madigadi, mbele na nyuma, pana kipande cha plastiki na skrubu kinachoingia ndani ya tao. Watu hukunja bati vizuri, wakafunga rimu, wakakata kona, na tairi likachanwa na skrubu ya bampa. Ami huitoa, akakata sikio, akahamishia skrubu juu ambako tairi halifiki. Ni kazi ndogo lakini tairi likichanika ubavuni hakuna wa kulishona.

Sasa turudi kwa chumvi.

Kabla ya praima yoyote, yaani ule mpako wa kwanza chini ya rangi, bati lioshwe kwa maji matamu. Wakazi wa hapa wanajua kwa nini nasema hivyo: maji mengi ya visima na bohora za mji huu yana chumvi, na kwenye vibanda vya kuosha magari ndiyo hayo hayo. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu kupitia rangi yenyewe, na rangi hupanda vipele hata kama ilipakwa na bingwa. Kwa hivyo mtungi mmoja wa maji ya mkokoteni ni sehemu ya gharama za kazi hii. Baada ya hapo kausha kwa bunduki ileile ya joto, piga msasa pale palipopasuka mpaka chuma kionekane, futa kwa thina, halafu praima ya epoksi siku hiyohiyo. Usiache chuma wazi kilale usiku mmoja. Asubuhi utakuta vumbi la rangi ya chungwa.

Juu ya praima ndipo silanti ya bodi hufuata, ile inayobaki laini ikikauka, isukumwe kwa kidole ndani ya mshono wa bati mbili mzunguko mzima. Kisha rangi, kisha ule mpako mweusi wa chini ya gari. Ukiwa huko, angalia vitundu vya kutolea maji chini ya ubavu visizibwe. Fundi mwenye bidii kupita kiasi huziba kila kitu, maji yakakosa pa kutokea. Na kuhusu desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari: huzuia kutu kidogo, kweli, lakini husafishwa na mvua ya kwanza na huozesha mipira ya miguu ya gari. Mpako wa nta ndani ya uwazi wa ubavu ni bora zaidi, nao hudumu.

Kujaribu nako ni kazi. Gari tupu uwanjani halikwambii kitu. Nilipaka chaki nene kwenye bega la kila tairi, nikapakia vijana wanne wa gereji na mmoja akakaa ndani ya buti akicheka, tukayapita matuta ya huko ndani, tukakata kona usukani ukiwa umepigwa hadi mwisho. Tulipovua magurudumu, chaki ilikuwa imehamia mahali pamoja tu, kwenye plastiki ya ndani mbele kushoto. Plastiki ikapashwa joto ikasukumwa. Basi.

Mtihani wa Mombasa hasa ni feri ya Likoni. Mwenye gari la chini hapa hutazama maji kabla ya kutazama saa. Maji yakijaa, mteremko ni mfupi. Yakipwa, hasa siku za bamvua, utateremka mpaka kule chini kwenye saruji iliyochakaa, na pale ulimi wa feri unapolala juu ya saruji pana pembe ambayo bampa la mbele huikuta kwanza. Hapo ingia kwa mshazari kama wafanyakazi wa feri watakuruhusu. Mara nyingi hawakuruhusu, na ni haki yao, kuna watu mia kadhaa wanasubiri. Siku hizi wapo wanaozunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyopita feri, kwa sababu hiyo peke yake, ingawa watakwambia ni kukwepa foleni.

Wengine huniuliza kwa nini nisifunge mabega ya kubandika kwa riveti, yale mapana ya kufunika tairi lililotoka nje, kazi ikaisha. Yana historia nzuri. Ford Escort RS1800 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1977, Björn Waldegård akiwa kwenye usukani, ilikuwa na mabega mapana, na kwa gari la rali yalikuwa na kazi yake. Huko Japani, Akira Nakai amepata jina duniani kwa kukata madigadi ya Porsche kwa mikono yake na kuyavika mabega mapya. Lakini riveti ni tundu, na riveti ishirini ni matundu ishirini yanayokaribisha chumvi chini ya plastiki usiyoweza kuiona. Kwa gari la maonyesho sawa. Kwa gari linalolala nje Mombasa, naona ni kutafuta kazi.

Tairi lisitokeze nje ya bati, hilo halina mjadala kwangu. Ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kule Miritini ukikukwamisha kwa ajili ya hilo utakuwa umejitakia, na hata kabla ya ukaguzi, tairi lililotokeza hurusha mawe na matope kwa bodaboda aliye nyuma yako. Mwambie pia mwenye bima kwamba rimu si za kiwandani. Atakuuliza maswali matatu, ujibu, yaishe.

Baada ya masika huwa naingia chini na tochi nikapitisha kidole kwenye mshono wa nyuma. Mwaka huu kushoto ni salama. Kulia, pale palipokuwa na fila ya zamani, silanti imejitenga kwa urefu wa kidole kimoja. Ami anasema pafunguliwe kabla ya vuli, pachomelewe upya na papigwe rangi ubavu mzima. Na kwa kuwa ubavu utapigwa rangi kwa vyovyote, nimeanza kuulizia bei ya zile 7.5J.